Mwiko wa Waasisi

Kila Alhamisi, katika chumba kilicho juu ya duka la vitambaa hapa Sparkhill, mjini Birmingham, mimi huwasaidia watu kujiandaa kwa mtihani wa uraia wa Uingereza. Nafundisha kwa Kiswahili, maana jambo gumu huingia vizuri kwa lugha uliyokulia.

Siku moja tulifika karne ya kumi na tisa, Waingereza walipobishana nani achague wabunge. Nilieleza polepole. Waliokataa mageuzi walisema anayeipenda nchi haigusi katiba ya mababu. Anayeigusa ameambukizwa mambo ya Wafaransa, waliompindua mfalme wao. Waliotaka mageuzi nao hawakusema wanataka kitu kipya. Walikusanyika kwa maelfu hapa hapa Birmingham, wakapeperusha bendera, wakamwimbia mfalme, wakasema wanadai tu haki ambazo mababu walikuwa nazo zikaja kuibwa.

"Kwa hiyo wote walikuwa wazalendo," alisema mama mmoja wa Kisomali aliyekulia Nairobi.

"Wote walijiita hivyo, mama."

"Na hao mababu, kweli walikuwa nazo hizo haki?"

"Chache. Nyingine zilinogeshwa baadaye. Lakini mtihani hauulizi hilo."

Alitabasamu, nami nikafurahi kwamba somo limemwingia.

Katika chama chetu cha kuzikana, kura ni moja kwa kila nyumba, na hupigwa na mwanamume. Mama huyu ni mjane. Ndiye anayeosha maiti za wanawake na kuwapikia wafiwa, lakini kura ya nyumba yake ilikuwa ya mwanawe mtu mzima, aliyezaliwa hapa, ambaye Kiswahili cha vikao humpita juu ya kichwa. Mama akishika mtandio, mwana huinua mkono. Wote tulijua, na hakuna aliyeona ajabu. Kila alipoomba kura yake mwenyewe, mwenyekiti alimjibu, "Anayekipenda chama haigusi katiba ya waasisi."

Kwenye mkutano mkuu mwaka huo, mama alimwahi. Alisimama akawasifu waasisi mpaka mwenyekiti akafuta macho.

"Sisi ndio tuliowaharibia kazi," alimalizia. "Turudi pale walipotuacha."

"Kweli kabisa, dada," alisema mwenyekiti. "Turudi." Ukumbi ukapiga makofi.

"Basi msiba ule wa kwanza walikaa jikoni kwangu, wakamuuliza kila aliyekuwepo, wake kwa waume. Mimi niliinua mkono nikiwa na mwiko."

Mwenyekiti alimgeukia mwasisi pekee aliyebaki hai. Mzee alifikiri kidogo.

"Mwiko naukumbuka," alisema.

Ikabidi kura ipigwe: kila mwanachama awe na yake, au tubaki tulivyo? Mwana alimtazama mama. Mikono ya mama ilikuwa imetulia mapajani. Akamtazama tena, kisha akainua mkono wake mwenyewe, taratibu, na wengi wakamfuata. Hoja ikapita.

Wakati wa chai nilimsogelea. "Mama, ile ya mwiko ni kweli?"

"Mwalimu, mtihani hauulizi hilo."

Baada ya chai nilitoa pendekezo langu la siku nyingi, kwamba mikutano ifanyike kwa simu ili watu wasisumbuke na baridi. Mwenyekiti aliuliza nani anapinga. Mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa mama, na kijiko cha chai kikiwa bado mkononi.

"Si kwa ubaya, mwalimu," alisema. "Ni mapenzi ya chama tu."