Amla Mfukoni mwa Baba

Mama yangu alikuwa mpole kwa kila mtu, isipokuwa kwa yule aliyemshuku. Miaka michache baada ya Uhuru, huyo alikuwa mke wa Mhindi mwenye duka pale Migori, duka ambalo baba alishonea nguo kwenye veranda yake.

Baba alikuwa mgonjwa wa moyo. Alipanda basi mpaka hospitali ya Homa Bay, akarudi na vidonge na amri moja iliyotuvurugia nyumba: chumvi iachwe. Baba alikuwa amekula samaki aina ya ngege, wa chumvi, tangu aote meno. Mama alipompikia samaki asiye na chumvi, baba alionja, akasukuma sahani, akasema afadhali kufa ameshiba. Akaanza kukonda. Kwetu Waluo mjane huitwa chi liel, mke wa kaburi, na jina hilo lilimtisha mama kuliko kaburi lenyewe. Alilia jikoni akisingizia moshi, nami, binti yake mkubwa, nikajifanya kuamini.

Kisha siku ya kufua, akakuta mfukoni mwa shati la baba vipande vyeusi vilivyosinyaa, vimefungwa kwenye karatasi. Baba akababaika, akasema ni matunda tu, amepewa na mke wa mwenye duka. Kuficha ndiko kulikomponza. Kwetu mwanamke akimlisha mume wa mwenzake kitu kwa siri, hakuna anayefikiria matunda. Ni dawa ya mapenzi, basi.

Mama alijifunga leso kiunoni, akanishika mkono, tukaenda. Nilitamani ardhi inimeze. Baba alituona tukipanda ngazi za veranda, akainamia cherehani yake kama mtu aliyepoteza sindano.

Mama aliweka kifurushi juu ya kaunta bila salamu. Mke wa mwenye duka hakukasirika. Alichukua kipande akakitafuna, huku akieleza kwa Kiswahili chake kwamba hilo ni amla, tunda la Ayurveda, tiba ya kale ya kwao. Mama yake mzazi alilila kuusaidia moyo, ila vidonge vya daktari visiachwe hata siku moja. Kisha akampa mama kipande.

Mama alikunja uso hadi macho yakapotea. Akapewa kikombe cha maji. Alikunywa, akasita, akachungulia ndani ya kikombe. Maji yalikuwa matamu. Akamshtaki mwenzake kwamba ametia sukari. Mke wa mwenye duka akajimiminia kutoka jagi lile lile, akanywa, akaeleza kwamba ukali wa amla ndio huyafanya maji yawe matamu mdomoni.

“Mimi taka yeye ishi,” akasema. “Wewe pia taka. Sasa gombana ya nini?”

Mama akafungua leso kiunoni. Tulitoka na mkebe wa amla na maelekezo ya kuiloweka, kuiponda na kuitia kwenye mchuzi wa nyanya badala ya chumvi. Njiani mama akatangaza kwamba kama mume wake ni wa kulishwa, atamlisha yeye.

Jioni hiyo baba alikula ngege mwenye ukali wa amla, akafyonza mpaka miiba. Mama akampa kipande kimoja atafune, kisha maji. Baba akauliza maji hayo yametiwa nini.

“Kunywa tu,” mama akasema. “Mimi sitaki kuitwa chi liel.”

Baba akanywa kikombe chote. Kisha akavuta sahani, akaomba samaki mwingine.