Vidole Alivyoviacha Kiwandani

Jumatatu nilipigiwa simu kutoka Mtawanya: mama mmoja mbangua korosho niliyemfahamu amefariki. Tulimzika kesho yake. Msibani ofisa mmoja alisimama akamwita "mjasiriamali wa mfano", nami nikainamisha uso kwa hasira, maana najua ofisi zilivyomtenda.

Tulijuana kwa ugomvi. Niliwahi kuandika hapahapa kwenye safu yangu gazetini kwamba watu wa huku hawana asili ya viwanda, ndiyo maana korosho yetu husafirishwa ghafi. Mama yule akaniita uani kwake, akanionyesha karai kuukuu lililotobolewa matundu. "Hili la bibi yangu. Kachomea korosho humu, kabangua, kauza mpaka kivukoni Kilambo kwa watu wa ng'ambo ya mto. Kiwanda cha korosho kilipokuja kutuajiri kilitukuta kazini, mwanangu. Kilipofungwa kikatuacha kazini. Wewe ulikuwa wapi?"

Wakati huo alikuwa na wenzake kumi na mmoja, mashine tatu za mkono, na mnunuzi aliyetaka jambo moja tu: kikundi kisajiliwe. Nilimsindikiza ofisini. Karani akamwambia aweke kidole kwenye mashine ya alama za vidole, atambuliwe kwanza. Ikakataa. Akajaribu vyote kumi, ikakataa. Mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi, na majivu wanayojipaka wabanguaji hayazuii yote. Miaka ya kazi ilikuwa imezifuta alama zake.

"Mama, mashine haikutambui."

"Vidole vyangu nimeviacha kiwandani, baba. Kavitafuteni huko."

Karani akacheka. Nami, Mungu anisamehe, nilicheka.

Tulirudi mara nne, tukaambiwa njooni wiki ijayo. Wenzake nao walikuwa na vidole hivyohivyo. Mnunuzi akachoka, akaenda kwingine. Mashine zile zimeota kutu, na wale wanawake sasa wanalima mihogo katika mashamba ya watu. Sisi tunaendelea na semina za ujasiriamali, chai na sambusa juu, tukilalamika kwamba penye miti hapana wajenzi. Uongo mtupu. Wajenzi walikuwepo, tukawafungia mlango.

Siku ile msibani, yule ofisa alipoaga aliwapa mkono wale wenzake kumi na mmoja, kisha nikamwona akijifuta kiganja kwa leso. Nilitaka kumsema, nikakumbuka kicheko changu. Basi nasahihisha: asili ya viwanda huku ilikuwepo, na mimi niliikana kwa maandishi. Sahihisho hili lilikuwa haki yake angali hai. Ninyi mnaomjua mbanguaji wenu, msingoje kumsifu msibani.