Kwenda Kabanga Kuuliza Habari za Fideli

Kosa langu la kwanza lilikuwa penseli ya kijani.

Nilipoanza kufuatilia habari za Somalia nilichora ramani ya nchi ile kwenye daftari kubwa, nikapaka rangi majimbo yake. Somalia ni nchi ya shirikisho. Kuna serikali kuu Mogadishu, na kuna majimbo yenye viongozi wao na askari wao. Majimbo yaliyokuwa yakivutana na Mogadishu kuhusu katiba, uchaguzi, na nani awaamuru askari, niliyapaka nyekundu. Yaliyokuwa yakielewana nayo niliyapaka kijani. Nilifuta na kupaka upya mara nyingi mno, kwa sababu mimi ni mtu wa kukosa raha rangi ikivuka mstari. Ilipokamilika niliipenda. Nikaanza kuwaambia watu kwamba kwenye kijani kumetulia.

Mambo haya sikuyasomea. Niliishia kidato cha nne, mengine nimejifundisha mwenyewe kwa redio na simu hapa Biharamulo mjini. Lakini nilikuwa na wasikilizaji. Wilaya zetu mbili, Biharamulo na Ngara, zina familia nyingi zilizokuja kutoka Burundi wakati wa ukimbizi, zikabaki zinalima. Baadhi ya vijana wao walirudi kwa ndugu zao Burundi, wakaingia jeshini kule, wakapelekwa Somalia kwenye jeshi la pamoja la nchi za Afrika. Mama zao walibaki huku hawana wa kuwaeleza kitu. Kwa hiyo kila Jumapili nilirekodi taarifa ya sauti, kwa Kiswahili chepesi, nikaituma kwenye kundi lao la simu. Niliirekodi mara tano, mara sita, mpaka niridhike kwamba sikusitasita popote.

Mmoja wa wasikilizaji alikuwa Mama Fideli wa Kasulo, Ngara. Siku moja mwaka jana alinipigia.

"Mtangazaji," aliniita hivyo siku zote, "Fideli anataka kuomba arudi Burundi na kundi linalotangulia kuondoka. Anasema moyo wake umekataa pale. Mimi naona angemalizia muda wake. Wewe unasemaje?"

Nikamuuliza jina la kambi. Nikafungua daftari.

"Hapo ni kijani, mama. Kumetulia. Amalizie tu."

Akampigia mwanawe, akamwambia amalizie. Wiki chache baadaye kambi ile ilishambuliwa alfajiri na wapiganaji wanaoipinga serikali. Tangu siku hiyo Fideli hakusikika. Hakuwa kwenye orodha ya waliokufa, wala ya majeruhi. Mimi nikaacha kutuma taarifa. Nilisema simu yangu imeharibika. Haikuharibika.

Septemba hii Mama Fideli alinipigia tena. Kuna kijana anaitwa Deo, alikuwa kambi moja na Fideli, ameacha jeshi na sasa anauza vitunguu mpakani. Amekubali kuonana naye Kabanga siku ya soko.

"Utakwenda na mimi," akasema. "Wewe unajua maswali ya kuuliza."

Hiyo ndiyo sababu ya safari.

Saa kumi na mbili asubuhi, Biharamulo. Nilipanda mchomoko, yale magari madogo ya abiria ambayo huku kwetu hubeba watu wanne nyuma na wawili kiti kimoja mbele. Dereva alikuwa Masanja, Msukuma ambaye wazazi wake walihamia Nemba na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Nilifunga mlango, nikaufungua, nikaufunga tena ili nihakikishe.

"Sikiliza, profesa," akasema Masanja, "huo mlango umeshakuelewa. Uache upumzike."

Abiria wakacheka. Mimi nilikuwa na karatasi tatu mfukoni zenye maswali ishirini na mawili, yamepangwa kwa mpangilio, na sikucheka.

Saa moja na nusu, Lusahunga. Hapo tuliingia barabara kuu, ile ya malori yanayokwenda Rwanda na Burundi. Tulifuatana na lori la saruji mpaka Nyakahura, ambako soko la kando ya barabara lilikuwa linaanza kupangwa. Wanawake walitandika maturubai, mmoja akanyunyizia mchicha maji kwa mkono. Mchungaji alisimamisha gari zote kwa fimbo moja mpaka ng'ombe wake wa mwisho avuke. Masanja alimsalimia kwa Kisukuma, wakataniana kwa sauti kubwa. Nikawaonea wivu wote wawili.

Baada ya Nyakahura msitu ulikaribia barabara. Masanja akapunguza maneno.

"Hapa zamani tulikuwa tunapanga foleni," akasema. "Majambazi walikuwa na bunduki za vita, zimetoka huko ng'ambo. Gari haliendi bila askari wa kusindikiza."

"Na askari wasipokuwepo?"

"Unalala Nyakahura. Siku wameitwa kwenye tukio mahali pengine, huku kunabaki wazi. Majambazi walikuwa wanajua siku hizo kuliko sisi."

Mama mmoja nyuma akasema, "Walikuwa wanapigiwa simu," na wengine wakaguna kukubali. Mimi niliandika maneno ya Masanja pembeni ya karatasi kwa mazoea tu. Sikujua kwamba alikuwa amekwisha kunijibu swali langu kubwa kuliko yote.

Saa tatu kasoro, Kasulo. Niliuliza njia kwa jirani, mwanamume aliyekuwa anaosha pikipiki. Nilipotaja jina la Mama Fideli alitazama pembeni.

"Unamtaka yule mama wa pale juu," akasema. Hakulitaja jina. Baadaye nilielewa kwamba hapo mtaani walikuwa wameacha kumwita hivyo. Kulitaja jina la mtoto ilikuwa kama kumchokoza mama yake, na kumwita vingine ilikuwa kama kumzika mtoto. Kwa hiyo walimwita yule mama wa pale juu.

"Ukifika mwambie apumzike," akaongeza jirani. "Amelima kwake, amelima kwa wifi yake, juzi nimemkuta analima shamba la kanisa. Hakuna aliyemtuma."

Nilimkuta analima. Ni mwanamke mfupi, mwenye mgongo mpana, na alikuwa amefunga kitenge kiunoni kwa fundo la kazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mtangazaji. Umekonda. Subiri nimalize tuta hili."

Nikasubiri. Alipomaliza alifuta jembe kwa majani, akaanza kunieleza bila mimi kuuliza.

"Kwetu msiba ukiingia ndani ya nyumba, jembe linawekwa chini. Hakuna anayelima mpaka siku ya kumaliza matanga, wakubwa wanapotukabidhi majembe tena. Sasa mimi, nikiliweka chini leo, nani ameniambia kuna msiba? Nitakuwa nimemuua mwenyewe. Kwa hiyo nalima. Wananiona nina wazimu. Mimi sina wazimu, sina ruhusa ya kuacha."

Nilitaka kumwambia pale pale. Sentensi nilikuwa nimeiandaa kwa mwaka mzima: mama, mimi nilikosea. Badala yake nikamuuliza kama amekunywa chai.

Saa sita mchana, Kabanga. Kutoka Kasulo tulipita Ngara mjini kwenye vilima vyake, tukateremka na kupanda hadi mpakani. Mama Fideli alikaa dirishani. Kwenye soko watu walisalimiana kwa Kihangaza na Kirundi kwa pamoja, lugha zinazoelewana bila mkalimani. Deo tulimkuta kwenye magunia yake ya vitunguu. Alikuwa kijana mrefu aliyesimama mgongo ukiwa umeelekea ukuta, na kila mara ilipopita pikipiki alishtuka.

Alimpa Mama Fideli mikono yote miwili na kuishika mikono yake muda mrefu, wakisalimiana kwa Kirundi. Kisha akaniangalia mimi.

"Na huyu?"

"Huyu ndiye anayejua Somalia," akasema Mama Fideli.

Deo akatabasamu kidogo. "Amefika?"

"Hapana," nikasema.

"Basi anaijua vizuri. Sisi tuliofika hatukuielewa."

Nilitoa karatasi zangu. Swali la kwanza lilikuwa jina kamili la kambi na mwelekeo wake kutoka mtoni. Mama Fideli akaweka kiganja chake juu ya karatasi.

"Mwache aseme."

Deo akasema. Alisema kwa Kiswahili, kwa ajili yangu, huku akipanga vitunguu visivyohitaji kupangwa.

"Pale kwetu palikuwa pametulia kweli. Barabara ya kutuletea maji na chakula ililindwa na askari wa serikali yao, Wasomali. Tulizoeana nao, tulicheza mpira. Halafu serikali yao ikagombana na jimbo lingine, huko kusini, mbali kabisa na sisi. Mambo ya uchaguzi wao. Siku moja wale askari wakapakia vitu kwenye magari. Tukawauliza, mnakwenda wapi? Wakasema wanaitwa kusini. Kupigana na magaidi? Wakasema hapana, na wenzetu. Barabara ikabaki haina mtu. Tukajua. Kila mtu kambini alijua. Fideli alisema, wale wapiganaji nao wanaona kama sisi tunavyoona."

Mimi nilikumbuka msitu wa Nyakahura na askari walioitwa kwingine. Ramani yangu haikuwa na kosa hata moja la mstari. Nyekundu ilikuwa nyekundu, kijani kilikuwa kijani. Nilichokosa kujua ni kwamba ugomvi wa kwenye nyekundu ulikuwa unawavuta askari kutoka kwenye kijani. Dereva wa mchomoko alilijua hilo tangu ujana wake.

"Walikuja kabla hakujapambazuka," Deo akaendelea. "Fideli nilimwona akikimbilia upande wa tangi la maji. Kamba za viatu hakufunga. Nilimwita. Sijui kama alinisikia. Baadaye, tulipohesabiana, hakuwepo. Upande wa tangi hakukubaki kitu cha kutambua, mama. Na wengine walichukuliwa. Sikumwona amekufa, sikumwona amechukuliwa. Nikikuambia moja kati ya hayo nitakuwa nakudanganya."

Mama Fideli alichukua kitunguu kimoja, akakitazama, akakirudisha mahali pake.

"Alikuwa anakula?" akauliza.

"Alikuwa anakula na chakula changu pia, mama."

Akacheka. Ndicho kicheko pekee nilichokisikia kwake mwaka huu, na kilikatika katikati.

Deo alitufungia vitunguu vya kuondoka navyo, hakukubali tukatae.

Saa tisa, njiani kurudi. Nilisema nilichopaswa kusema tukiwa tumekaa kiti cha nyuma cha gari jingine la abiria, baada ya kupita Ngara. Nilikisema vibaya, kwa kigugumizi, yote niliyoyafanyia mazoezi yakapotea.

"Mama, mimi ndiye niliyesema kumetulia. Fideli angerudi."

Hakugeuka.

"Unadhani nimesahau? Ulisema kijani. Mimi nikampigia, nikamwambia kijani. Yeye akaniambia, mama, hiyo kijani wameiona wapi? Nikamgombeza. Nikamwambia kuna kijana Biharamulo anasoma usiku na mchana, wewe unajua nini, wewe uko hapo hapo tu."

Tulishuka Kasulo, tukapanda hadi kwake. Jembe lilikuwa limeegemea ukuta pale alipoliacha. Akalishika mpini, akasimama nalo mbele yangu.

"Sasa niambie, Mtangazaji. Niliweke chini au nisiliweke?"

Nilitafuta jibu kwa uaminifu. Nilipima aliyoyasema Deo, tangi la maji, waliochukuliwa, jinsi mateka wanavyoweza kukaa miaka bila habari. Kila upande nilioupima ulikuwa na mtu aliyekufa au mtu aliye hai.

"Sijui, mama."

"Hujui."

"Sijui."

Akanitazama bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Siku ile ulijua," akasema.

Akaingia nalo ndani. Nilisikia likigusa sakafu nyuma ya mlango. Alitoka mikono mitupu, akakaa kizingitini, akafungua kile kitenge cha kazi kiunoni na kujitanda nacho begani, kama wafanyavyo wafiwa. Jirani wa pikipiki alikuwa anatazama kutoka kwake. Alipoona kitenge kile aliacha alichokuwa anafanya, akamwita mkewe, na wote wawili wakaanza kupanda polepole kuja pale juu, mke amevua viatu. Walipofika, mwanamume akainama.

"Pole, Mama Fideli," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza jirani kulitaja jina lile tangu mwaka jana.

Nilikaa nao mpaka jioni, nikateka maji mara mbili kwa sababu hakukuwa na kingine nilichoweza kufanya bila kukikosea. Kesho yake nilirudi Biharamulo. Mvua zilikuwa zimeanza, na kuanzia Kasulo hadi Nyakahura kila shamba lilikuwa na watu wanaopanda maharage.

Huko Somalia wanaendelea kuvutana. Nasikiliza bado, na kila nikisikia kwamba Mogadishu imepeleka askari dhidi ya jimbo fulani, siangalii tena wanakokwenda, naangalia walikotoka. Sijui kama kuna mtu anayewaza hivyo kati ya wale wanaowatuma. Sioni dalili.

Taarifa za Jumapili nimezianza tena, kwa kuwa mama wengine waliomba. Nazirekodi mara moja tu, na kigugumizi changu chote kinasikika. Zinaanza na yale nisiyoyajua, na hayo ndiyo mengi siku hizi. Ramani sina, karatasi ile niliichana. Akiniuliza mtu kama mahali alipo mwanawe kumetulia, namwambia amuulize mwanawe, na amwamini. Mama Fideli hajaondoka kwenye kundi, lakini hajanipigia. Shamba lake halikupandwa msimu huu.