Kitambaa Chini ya Kwapa

Tangu ofisi yetu ifungwe, nilikuwa nachoka zaidi kuliko nilipokuwa nafanya kazi. Maman, aliyeona nilivyoshinda kitandani, alinituma mtaa wa Nyalukemba nikamwangalie tonton, mdogo wake. Tangu amzike mkewe, Maman alisema, tonton hakuwa akiongea na mtu.

Tonton alifundisha chuo kikuu miaka mingi. Alipokuwa akisoma ng'ambo alijifunza gofu, na akarudi na fimbo moja ya chuma. Siku hiyo niliikuta nyuma ya mlango. Nikatoka nayo uani, nikaipunga hewani mara mbili, tatu. Alikuwa amekaa barazani. Akaniangalia kwa muda mrefu.

"Unakimbia," akasema. "Fimbo haiko na fasi ya kwenda."

Akaingia ndani, akarudi na kipande cha kitenge, akakikunja na kukibana chini ya kwapa langu la kulia. Akaniambia nirudishe fimbo nyuma taratibu, mabega yageuke pamoja na kifua, mikono ikifika usawa wa bega nisimame, nihesabu hadi tatu.

Kitambaa kikaanguka.

"Ikianguka, ni mukono iko inaenda yenyewe. Mwili imebakia."

Nikakiokota. Kikaanguka tena. Tulifanya hivyo hadi mgongo ukaniuma, naye hakuniambia pole. Kesho yake nilipanda taksi-basi kutoka kwetu Bagira nikarudi kwake, na keshokutwa yake pia. Sikupenda gofu. Mjini hapa sikujua hata pa kuichezea. Lakini kila nilipokosea, tonton aliongea kidogo: kuhusu mwalimu wake wa gofu, kisha kuhusu mkewe, ambaye alimcheka siku zote kwa kupiga hewa bure.

Wiki ya tatu kitambaa kilikaa. Nilisimama fimbo ikiwa juu, kifua kimegeuka, uzito wote kwenye mguu wa kulia, nikahesabu, nikarudi chini bila haraka. Nikafanya tena. Mara kumi, bila kitambaa kuanguka.

Nikamuuliza kama sasa nitafute mpira.

"Mpira ya nini?" akasema. "Kaa chini, mutoto ya dada. Umechoka."

Nilikaa kando yake kwenye ngazi za baraza. Akaanza kunieleza siku za mwisho za mkewe hospitalini, tangu mwanzo, bila kuruka kitu. Mabega yalikuwa yananichoma. Nilimsikiliza hadi alipomaliza.