Supu ya Watu Watatu

Kila aliyesoma katika shule ile ya bweni alimjua mpishi wake kwa jina la Bahari. Wageni walidhani mzee amewahi kufanya kazi melini. Ukweli ni kwamba wanafunzi walimpachika jina hilo kwa sababu ya supu yake: ukiitazama bakulini unaona maji matupu, na kipande cha nyama kikitokea, kimetokea mbali. Bahari hakununa. Alilipokea jina akalizoea, na alipostaafu akarudi nalo nyumbani pamoja na zawadi ya kuagwa, sufuria kubwa ya shule ambayo mtu mzima angeweza kuoga ndani yake na bado akapata pa kuweka sabuni.

Sasa alibaki na mlaji mmoja tu, mjukuu wake wa kike ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili. Alimwita Mwalimu Mkuu, maana hakuna aliyewahi kukagua chakula chake kwa uso mkali namna ile. Akiletewa uji, anautazama. Akiletewa viazi vya kuponda, anavitazama, kisha anageukia ukutani, anakaa hivyo mpaka sahani iondolewe. Tangu mama yake arudi kazini, kwenye duka la dawa, mtoto alikuwa akishinda na njaa mchana kutwa akimsubiri yeye, na mashavu yalishaanza kunywea.

Mama huyo ndiye binti pekee wa Bahari. Asubuhi hiyo alisimama mlangoni akivaa viatu, akasema bila kumtazama baba yake.

"Baba, mimi sikulaumu. Lakini leo akikataa tena, shangazi yake anakuja Jumapili kumchukua. Kule kwao kuna watu wengi wa kumbembeleza."

"Sawa, mama," Bahari akajibu, kwa sauti ya mtu ambaye si sawa hata kidogo. Kwa huyo shangazi ni safari ya siku nzima. Mke wa Bahari alikuwa ameshafariki, na kabla binti hajarudi kuishi naye na huyo mtoto, nyumba ilikuwa kimya hadi akafika mahali pa kuzungumza na birika la chai. Hakutaka kurudi kwenye mazungumzo yale. Birika lilikuwa halina hoja.

Akambeba Mwalimu Mkuu mgongoni, wakaenda sokoni kwa mama muuza samaki.

"Nipe beseni zima," Bahari akasema kwa mazoea.

"Mna shughuli?"

"Hapana. Ni mimi, binti yangu, na huyu hapa mgongoni."

Mama akamtazama wa mgongoni, akamtazama na mbebaji, kisha akachagua samaki mmoja mnono. "Huyu anawatosha na atabaki. Ana nyama, na miiba yake ni mikubwa. Ila ichambue kwa vidole, usiamini macho. Na chumvi iwe ya mwisho kabisa, mzee wangu. Mpakulie mtoto kwanza, ndipo mtie yenu."

"Mama, mimi nimepika maisha yangu yote," Bahari akasema akiinua kidevu.

"Najua. Mwanangu alisoma pale."

Bahari akalipa, akaondoka bila kudai maelezo.

Nyumbani alianza vizuri, hata mwenyewe akashangaa. Alipara magamba, akaosha samaki kwa ndimu, akakata kichwa akakiweka pembeni kiwe chake jioni, maana kichwa cha samaki ndicho alichokuwa akikipenda kuliko vyote. Mwili akauchemsha taratibu na kitunguu, nyanya, karoti na viazi. Ulipoiva akauopoa, akaketi mkekani karibu na Mwalimu Mkuu aliyekuwa akigonga mfuniko, akaichambua nyama kipande kwa kipande, akiibonyeza kwa vidole kama mtu anayetafuta pesa kwenye koti la zamani. Aliichambua mara mbili. Hakukuwa na mwiba hata mmoja uliopenya. Kwa raha hiyo akainuka, akaiendea supu iliyokuwa ikitokota jikoni, na mkono ukaenda wenyewe.

Mkono ule ulikuwa umetia chumvi katika masufuria ya bweni kwa miaka isiyosemeka, na haukuwa umeambiwa kwamba umestaafu. Ulichota konzi nzima, ukaitupa.

Bahari akaonja. Macho yakamtoka.

Hapo mpishi mwingine angemwaga akaanza upya. Lakini Bahari alikuwa na dawa moja, ile aliyoitumia kwa kila balaa la jikoni maisha yake yote: maji. Akaongeza maji. Sufuria ikajaa, na chumvi iko palepale. Akahamishia kwenye sufuria kubwa zaidi, akaongeza tena. Ikajaa nayo. Akasimama kidogo, akapiga moyo konde, akaenda kuvuta ile zawadi ya kuagwa kutoka nyuma ya mlango. Mwalimu Mkuu akaacha kugonga mfuniko ili aone vizuri.

Mwishowe supu ya watu watatu ilikuwa inatosha bweni zima, na bado ilikuwa na chumvi. Katikati kikaelea kipande kimoja cha karoti. Bahari akakitazama kikizunguka polepole, peke yake, na kwa mara ya kwanza akawaelewa wanafunzi wale, akaona jina walimpa kwa haki.

Akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali, kwa sababu jua lilikuwa limeshainama na mtoto alikuwa hajatia kitu tumboni. Alikuwa na nini? Nyama iliyochambuliwa, kiazi kimoja, karoti moja, na kile kichwa chake. Akakitazama kichwa kwa huzuni, akakitumbukiza pamoja na kiazi na karoti kwenye sufuria ndogo kuliko zote nyumbani, ile ya kuchemshia yai. Mkono wa kulia akauweka nyuma ya mgongo, akakoroga kwa wa kushoto. Kichwa kilipotoa utamu wake wote, akaichuja supu kwenye chujio la chai, akapondea humo kiazi na karoti, akarudisha nyama. Chumvi hata hakuigusa.

Binti aliporudi alisimama mlangoni mdomo wazi.

"Baba, tuna wageni?"

"Hiyo iache. Hiyo ni ya shule. Njoo huku."

Wakaketi mkekani watatu. Bahari akampakulia mtoto kwanza, akapoza, akapeleka kijiko. Mwalimu Mkuu akakitazama. Akautazama ukuta. Kisha mdomo ukafunguka, ukafungika, ukafunguka tena kabla kijiko hakijarudi bakulini. Alimaliza yake, akatambaa mpaka kwenye bakuli la mama yake, akatia mkono mzima.

"Haina chumvi," binti akasema, huku akila.

"Hiyo hapo, tia mwenyewe. Mimi nimekatazwa."

Binti hakutia. Alikula pamoja na mwanawe, kijiko kwake, kijiko kwa mtoto, mpaka bakuli likawa jeupe. Kisha akachukua simu.

"Wifi, Jumapili usijisumbue. Ndiyo, amekula. Amekula kwa babu yake." Akaweka simu chini. "Unajua, baba, hii ndiyo mara ya kwanza nakula chakula ulichopika wewe. Siku hizi jioni napika mimi, na nilipokuwa mdogo ulikuwa unaondoka sijaamka, unarudi nimelala. Mapishi yako nilikuwa nayajua kwa harufu ya shati lako tu."

Bahari akapangusa macho kwa kiganja, akasema moshi wa jiko hili unasumbua. Jiko lenyewe lilikuwa la gesi.