Nani aliwatuma wenye magari walie kwa niaba ya mama wa Kibera?

Niaje wakuu. Hii sijaongeza chumvi, nimeiona na macho yangu.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, naishi Mashimoni, Kibera. Tao, katikati ya jiji, huwa naenda kwa miguu, mtoto mgongoni.

Juzi gari ilipanda njia ya miguu ikikwepa jam ya magari. Kioo cha pembeni kikamgonga mtoto mkono. Haukuvunjika, ulivimba tu. Dereva hata hakuangalia nyuma.

Kwa hivyo niliposikia kuna kikao cha kusikiza wananchi, ati magari yalipishwe ada ya kuingia katikati ya jiji ndio jam ipungue, nikasema hapo lazima nifike. Nilikuwa na neno moja: walipishwe, lakini hiyo pesa itujengee njia ya miguu ambayo gari haiwezi kupanda. Sio ipotelee kwa tumbo ya mtu.

Nilienda na Mwende, beshte yangu wa Kawangware. Yeye anapinga. Anasema matatu zitawatupia abiria hiyo ada, na hapo sijui kama amekosea. Tulibishana njia yote na bado tukafika mapema.

Wakubwa wa kikao ndio walichelewa. Sababu? Jam.

Wakaomba msamaha wa jam kwa kikao cha jam, na hakuna aliyecheka isipokuwa Mwende.

Ndio muda usipotee, wakaanza na wenye magari. Mzee mmoja wa suti akashika maiki, sauti ya matanga kabisa: "Hii ada itaumiza maskini. Fikirieni mama wa Kibera."

Nikainua mkono. Mwenyekiti akaniuliza, "Madam, una gari?"

"Sina."

"Basi ngoja kidogo, tumalizane na wahusika."

Wahusika. Mtoto wangu mkono umevimba, na mimi sihusiki.

Nikasimama bila maiki. Nikamwambia yule mzee, "Mama wa Kibera ndiye mimi, na sijakutuma. Kama unanihurumia, toa gari yako kwa njia ya mtoto wangu."

Mwende, huyo huyo mpinzani wangu, akapiga makofi. Mwenyekiti akasema muda umeisha. Sikuona mtu akiandika kitu.

Tukirudi, tukamkuta yule mzee kwa raundabauti, peke yake ndani ya gari ya viti saba, amekwama. Akateremsha kioo. Hakunitambua.

"Mama, huko mbele kuna nini?"

"Ni nyinyi tu," nikamwambia, nikampita.

Nilichojifunza: ukisikia mwenye gari analilia maskini, angalia kwanza amekalia nini. Sisi wa miguu tumelipa kitambo, na hakuna aliyetuitia kikao.

Haya, njooni mnitukane. Lakini kabla hujaandika, sema huwa mko wangapi ndani ya hiyo gari.