Rodi Niliyoinyoa Mwala

Mimi kungoja sijui. Mama alinizaa njiani, hatua chache kabla ya zahanati, na hadi leo akiniona nikizungukazunguka jikoni hunitania, "Wewe hata kuzaliwa ulikuwa na haraka." Kwa hiyo mtu akiniuliza leseni ya fundi wa stima hupatikana vipi, najikuta nimemjibu kwa ukali bila kutaka. Hupatikana kwa kungoja.

Unafanya mtihani wa gredi ya tatu, unangoja. Unafanya wa gredi ya pili, unangoja. Unaenda polisi kuchukuliwa alama za vidole ili ithibitishwe kwamba wewe si mwizi, unangoja tena. Halafu unaingia saiba pale mjini Machakos, unapakia karatasi zote kwenye tovuti ya bodi ya leseni kule Nairobi, tovuti inakwama ukiwa umebakiza ukurasa mmoja, unatukana kimoyomoyo, unaanza upya. Mwisho kuna kikao. Unakaa mbele ya wahandisi wanaokuuliza waya wa jiko uwe na unene gani, na kwa nini. Ukipita unapewa daraja la chini, nyumba za kawaida tu, wala usiguse kiwanda. Na hilo daraja la chini ndilo nililokuwa nalililia.

Mitihani sikuiogopa. Kilichonikaba koo ni karatasi moja, barua kutoka kwa fundi mwenye leseni, akisema nimefanya kazi chini yake, nyumba hizi na hizi, na kwamba kazi yangu anaijua. Bila hiyo barua jina lako haliitwi kwenye kikao hata uwe umesoma namna gani.

Sasa nieleze jinsi tulivyokuwa tukifanya kazi, maana asiyejua atadhani ni jambo rahisi. Nyumba haiunganishwi stima mpaka kuwe na fomu iliyosainiwa na mwenye leseni, anayethibitisha ameikagua. Sisi tusio na leseni tulikuwa wengi, wenye leseni wachache. Basi sisi tulipanda darini, tukachimba kuta, tukavuta waya, kisha tukapeleka fomu kwa mzee fulani akatia saini na muhuri. Wangu alikuwa mzee mmoja mpole wa suti ya kahawia, aliyeshinda kwenye benchi nje ya duka la hadiwea karibu na soko, muhuri wake ukiwa mfukoni mwa koti. Kwa miaka mitatu alinisainia nyumba kumi na moja. Hakuwahi kukanyaga hata moja.

Ukisoma zile fomu, nyumba zote kumi na moja alizifunga waya yeye. Mimi sikuwapo. Nilikuwa nikipita Kola jioni, naona dirisha la nyumba niliyoifunga kwa mikono yangu limewaka, na badala ya kufurahi nachomeka rohoni. Mwenye nyumba ananiita fundi, watoto wake wananipungia mkono, lakini karatasini ni kazi ya mtu ambaye hata rangi ya mlango haijui. Nilitaka jina langu liwe juu ya kazi yangu. Nilitaka hivyo mpaka usingizi ukanipungua.

Jumatatu ya wiki ambayo mwisho wa kupokea barua ulikuwa Ijumaa, nilimwendea mzee na orodha yangu iliyoandikwa vizuri. Nilidhani atapiga muhuri kama kawaida niondoke. Akavaa miwani, akaisoma orodha yote, akaivua miwani.

"Msichana wangu," akasema, "kuna mwenzangu mmoja amepelekwa kortini. Alisainia nyumba ikaungua. Hakuwa ameiona."

"Pole, mzee."

"Si pole. Ni woga. Mimi sasa siwezi kuandika kwamba naijua kazi yako na siijui. Alhamisi tutaenda tuone moja. Nitachagua mimi."

Akateremsha kidole polepole kwenye orodha. Kola akaipita. Masii akaipita.

"Hii ya Mwala," akasema. "Sijafika Mwala siku nyingi."

Kati ya nyumba kumi na moja! Ngai! Nilicheka, sijui kwa nini nilicheka, nikamwambia sawa mzee, tukutane huko saa tano. Nikaondoka nikitembea haraka mpaka nikajikwaa kwenye toroli la muuza vitunguu.

Nyumba ya Mwala ndiyo ya kwanza kabisa niliyoifunga. Kila nyumba yenye stima hupigiliwa rodi ya shaba ardhini, ndefu karibu kimo cha mtu, ili umeme ukipotea njia uende chini kwenye udongo badala ya kupitia mwilini mwa mtu. Huko kwetu udongo ni mkavu na chini yake ni mwamba. Siku ile nilipigilia rodi hadi theluthi moja, ikagoma. Nikapiga tena, ikaanza kujipinda. Jua lilikuwa kali, bodaboda aliyenileta alikuwa anapiga honi arudi, na mimi, kama nilivyosema, kungoja sijui. Nikatoa msumeno wa chuma nikaikata. Kisiki nikakifukia vizuri, nikapapasa udongo juu kwa kiganja. Kipande kirefu nikakitia begani nikaenda nacho. Mafundi wa huku tuna jina la mchezo huo, tunasema kuinyoa rodi. Wengi wameinyoa. Tulikuwa tukisimuliana na kucheka.

Siku mbili zile sikukaa chini. Nilifua nguo zilizokuwa safi. Nilifungua kitabu cha kanuni, nikasoma mstari mmoja mara nne, nikakifunga. Nilijaribu kujiambia kwamba nyumba imekaa miaka yote hiyo salama na hakuna aliyelalamika, na kila nikijiambia nilizidi kujua kwamba nadanganya. Alhamisi saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa njiani kuelekea Mwala na rodi nzima mpya, mtaimbo na nyundo. Mpango ulikuwa mwepesi. Nitafika mapema, nitapigilia, nitafukia, na mzee akija saa tano atakuta kazi safi. Nani atajua?

Mwenye nyumba ni mama wa makamo, mjane, mwenye ng'ombe wawili wa maziwa na mbuzi kadhaa. Alinipokea kwa furaha iliyoniumiza.

"Fundi wetu! Umepotea hivyo? Karibu chai."

"Asante mwaitu, chai baadaye. Nimekuja kuongeza kitu kidogo."

Nilimwita mwaitu, mama yangu, kama tunavyowaita wote wa umri wake. Sikurudia mahali pa zamani penye mwamba. Nyuma ya bafu, ambako maji ya kuoga humwagika kila siku na migomba imestawi, udongo ulikuwa laini. Nilipaswa kupaona siku ile ya kwanza, kama ningezunguka nyumba kwa dakika tano tu. Rodi iliingia yote, pigo kwa pigo, bila ubishi. Nikawa nachimba mfereji wa kupitisha waya hadi ukutani, jasho likinitoka, nilipomwona yule mama akielekea kwenye mashine ya kukata majani ya ng'ombe. Ile mashine aliinunua baada ya stima kuingia. Kabla ya kuiwasha aliketi kwenye jiwe, akavua ndala, akavaa gambuti za mpira. Kulikuwa kukavu kabisa, vumbi tupu.

"Mwaitu, gambuti za nini na jua hili?"

"Si ni ya stima?" akanijibu, akinishangaa mimi niliyeuliza. "Bila gambuti inauma. Inaumauma vidole, mpaka kwa kiwiko. Mwaka jana ilimwangusha mjukuu wangu hapa, akakaa chini akilia. Tangu hapo nimeweka sheria, hakuna mtu anagusa bila gambuti. Hata majirani nimewaambia, stima ya fundi wetu iko na nguvu sana."

Alisema kwa kujivunia. Mtaimbo ulinitoka mkononi.

Alidhani stima ndivyo ilivyo. Miaka yote ile alidhani kuumwa ni sehemu ya kuwa na taa, akanunua gambuti, akatunga sheria, akamfunza mjukuu wake, akaendelea na maisha. Na kunisifu juu yake! Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka moto. Nikamwambia azime swichi kubwa, nami nikamalizia kufunga waya, kwa mara ya kwanza bila haraka yoyote. Nilikaza kila nati mara mbili. Nikafungua na mashine yenyewe, nikakuta waya mmoja umechubuka ndani unagusa chuma, nikaubadilisha.

Mzee alifika saa tano kasoro dakika chache, suti ile ile, mkoba wa vipimo begani. Mama akamletea kiti, akamletea chai, na kabla sijafungua mdomo akaanza kunitetea, maana alishaelewa kwamba huyu ndiye mkubwa wangu.

"Huyu msichana ni fundi mzuri, mzee. Amekuja asubuhi na mapema kutuongezea kitu hata bila kuitwa. Usimnyime chochote."

Mzee akaipima rodi. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akapima tena, akaandika kwenye kijitabu chake. "Nzuri," akasema. "Nzuri sana. Udongo wa Mwala na bado kipimo kiko hivi? Wewe unajua kazi." Akafungua mkoba akatoa ile barua, tayari imeandikwa kwa taipu, imebaki saini tu. Niliiona. Niliona jina langu, herufi kubwa, katikati ya ukurasa.

Laiti ningenyamaza. Kalamu ilikuwa tayari hewani. Lakini yule mama alikuwa amesimama pale na gambuti zake miguuni, akitabasamu kwa niaba yangu, na mimi sikuweza.

"Rodi hii nimeiweka leo, mzee," nikasema. "Ya kwanza niliinyoa. Nilifukia kisiki pale ukutani. Mashine imekuwa ikiwapiga. Ilimwangusha mtoto."

Mzee akaweka kifuniko cha kalamu. Mama akanitazama mimi, akamtazama mzee, akanitazama tena.

"Kuangusha mtoto si kawaida ya stima?"

"Si kawaida, mwaitu. Ni mimi."

"Na wewe mzee, si walisema kuna mtu mkubwa wa leseni alikagua? Si ndiyo maana tuliwekewa mita?"

Mzee akainamisha kichwa. "Saini ni yangu, mama. Kuja, sikuja."

"Hukuja."

"Sikuja."

Mzee alikirudisha kikombe chake mezani kwa utaratibu, kama mtu aliyegundua chai si yake. Nilitaka mama apige kelele. Ningependa anitukane, anifukuze na mtaimbo wangu, nami nikimbie kama nilivyozoea. Yeye akatembea hadi kwenye mashine, akaiwasha, ikanguruma. Akachukua ndoo ya maji ya ng'ombe akaimwaga yote chini, mbele ya mashine, mpaka pakawa matope.

"Mama, kipimo kimeonyesha iko sawa," mzee akasema.

"Hicho kipimo chenu sijui kukisoma. Vueni viatu."

Niliinama nikafungua kamba. Mikono yangu, inayofunga waya ndani ya dari gizani bila kukosea, ilishindwa na fundo la kiatu. Nikavuta soksi. Matope yalikuwa baridi na yaliingia kati ya vidole. Nyuma yangu nikasikia mzee akigumia kwa magoti yake, naye anavua. Nilijua kazi ya asubuhi ile ilikuwa sahihi. Nilijua kanuni, nilijua kipimo, ningeweza kuwachorea wahandisi wa bodi mchoro wake wote nikiwa nimefumba macho. Niliogopa hata hivyo. Niliogopa sawasawa na mtoto aliyewahi kuangushwa pale, na ndipo nilipoelewa yule mama alichokuwa akihisi kila siku ya kulisha ng'ombe.

Nikaweka viganja viwili juu ya chuma. Chuma kilitetemeka kwa mwendo wa mashine, basi. Hakikuuma. Mzee akaja kando yangu akaweka vyake, miguu yake myeupe kwa vumbi la soksi, suruali imekunjwa hadi kwenye muundi. Tukasimama hivyo, wawili, mbele ya yule mama, akitutazama kwa muda aliotaka yeye.

Kisha akazima mashine, akaenda kukamua. Hakutuaga.

Mzee alikaa kwenye jiwe akifuta miguu kwa leso. Barua aliikunja mara mbili akaitia mfukoni, pale pale penye muhuri.

"Ni hii tu uliyonyoa?"

"Ni hii tu. Naapa."

"Mimi nikuamini vipi?" Hakuuliza kwa ubaya. Alionekana amechoka. "Na mimi mwenyewe nijiamini vipi, na zote nimesaini? Zimebaki kumi. Tutazizunguka mimi na wewe. Na kila boma utavua viatu, mwenyewe akiona."

"Mzee, Ijumaa ni kesho. Kikao kitanipita."

"Kitakupita," akasema, akaanza kuvaa soksi.

Kilinipita. Leseni nilikuja kuipata baadaye, kwenye kikao kingine. Lakini asubuhi ile wenzangu walipokuwa wakiitwa majina huko Nairobi mmoja mmoja, mimi nilikuwa Masii, nyumba ya sita, nimesimama kwenye matope pekupeku, viganja juu ya chuma, nikingoja mwenye nyumba aniambie inatosha.